Anajipiga shavu moja tu: kwa unayeanza kazi ya kea Uingereza

Mdogo wangu, kabla hujaanza zamu ya kwanza ya kea, yaani kuwahudumia watu wasioweza kujitunza peke yao, tenganisha mambo mawili kichwani. Ulemavu wa kujifunza, yaani kuelewa na kujifunza mambo kwa shida, si ugonjwa wa akili. Kwetu tunawatia wote kapu moja, tena kwa majina ya matusi. Wa kwanza mtu huzaliwa nao au huupata utotoni, na huishi nao maisha yote. Wa pili waweza kumpata yeyote, wewe na mimi tukiwamo, na una matibabu. Wapo wenye vyote viwili, na hao ndio tunaokosea sana kwao.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kwenye nyumba ya wakazi wanne. Mmoja wao, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, asiyesema, alianza kujipiga makofi wakati wa chakula na kusukuma sahani. Tukaandika "tabia". Zamu inayofuata, "tabia". Wiki tatu hivyo. Dada mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyeuliza: mbona anajipiga shavu la kushoto tu? Kumbe jino, limeoza mpaka limetunga usaha. Muda wote huo alikuwa akitueleza kwa mkono wake, na sisi tunaojua kusema tukawa viziwi.

Tangu hapo, mtu akibadilika ghafla naanzia mwilini: meno, masikio, mkojo, choo. Hasa choo. Utaona aibu kujaza chati ya choo; jaza. Kufunga choo kumeua watu wenye ulemavu huu. Ukimkuta mkazi anayetumia clozapine, dawa ya skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili), kuwa macho zaidi, kwa sababu hupunguza mwendo wa utumbo. Anayeitumia hupimwa damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, basi watu hukumbuka damu wakasahau tumbo.

Na unapoandika, andika ulichokiona. "Alikuwa mkorofi" haimsaidii anayekupokea zamu. "Alitupa kikombe mara mbili baada ya kumeza chai ya moto" ingetufikisha kwa daktari wa meno mapema.

Jingine litakusumbua kwa sababu ya malezi yetu mazuri. Sisi mgonjwa hapiki, hafui, anapelekewa. Hapa ukimfanyia kila kitu utamharibu. Tena usimwite mtu wa miaka 50 "mtoto mzuri", hata kwa mapenzi. Sheria ya mwaka 2005 ya England na Wales kuhusu uwezo wa kuamua inasema mtu mzima achukuliwe kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na uamuzi unaoonekana wa kijinga si uthibitisho. Mimi mwenyewe nimenunua viatu vya kijinga na hakuna aliyeniitia meneja. Akijitengenezea chai, itachukua dakika 20 na sukari itamwagika mezani. Simama karibu na birika la moto, mikono yako nyuma.

Mwisho, ulizia tarehe ya uchunguzi wake wa afya wa mwaka. Kwa England, kuanzia miaka 14, aliye kwenye orodha ya ulemavu wa kujifunza ya daktari wake anastahili uchunguzi huo. Nenda na chati ya choo na rekodi ya uzito. Daktari atataka kuzungumza na wewe. Mimi huvuta kiti changu nyuma ya mkazi, daktari akiinua macho amkute yeye kwanza.