Maswali na majibu: Uji wa shule na debe la mahindi

Elimu si bure? Mbona kamati ya shule inatudai mahindi? (Mzazi, Tandahimba)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila shule zinapofunguliwa linarudi vilevile. Ada ilifutwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Waraka Namba 3 wa 2016 ukafafanua majukumu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki kwa mzazi. Soma waraka kabla ya kugombana na mwalimu. Ukipiga gramu 120 za mahindi na 30 za mbaazi kwa siku, siku 194 za masomo ni kilo 23 na ushei za mahindi na kilo 6 hivi za mbaazi kwa mtoto mmoja.

Mchango unadaiwa Januari, na nyumbani hamna kitu. Tufanyeje? (Baba wa watoto watatu, Newala)

Hapa kosa ni la kamati. Januari hadi Machi ndiyo njaa yetu ya kila mwaka: fedha za korosho zimekwisha, shamba bado bichi. Kikao cha wazazi kikae Juni, mahindi yapokelewe yakitoka shambani na mbaazi zifuate zikishapurwa, kabla gunia halijaenda ghala kuu kungoja mnada. Tunapakia mbaazi zote kwenye lori, kisha watoto wanakunywa uji mweupe usio na chochote ndani. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kununua mbaazi, bei ilianguka vibaya na watu wakabaki na magunia ndani. Hata mwaka ule zilikuwa chakula, na zilistahili kufika kwenye sufuria la shule.

Kuna wanaotaka AMCOS, yaani chama chetu cha msingi cha ushirika, ikate mchango kwenye malipo ya korosho. Sipingi, mradi wanachama wamekubaliana kwenye mkutano na muhtasari upo. Makato ya kimyakimya yataua mpango mzima, maana mkulima akishaibiwa mara moja hatoi tena.

Mjukuu wangu wa darasa la pili anakaa pembeni wenzake wakinywa uji, kwa kuwa sijatoa mchango. Ni haki? (Bibi, Ruangwa)

Shikamoo bibi. Si haki hata kidogo. Deni ni la mtu mzima, na mtoto wa miaka minane halipishwi kwa tumbo lake. Nenda kwa mwalimu mkuu, ukishindwa mwone mtendaji wa kijiji, kisha afisa elimu kata. Waambie uko tayari kutoa kuni, kuchota maji au kupika zamu, nao waandike hivyo daftarini. Na ninyi walimu mnaosoma hapa: mtoto huyo mnayemtenga mchana, saa nane mnamtaka asome kwa sauti. Atasomaje?

Tunaweza kuchanganya unga wa muhogo ili kubana gharama? (Mjumbe wa kamati, Mtwara Vijijini)

Mnaweza, lakini ulizeni kwanza muhogo gani. Ule mchungu usiposindikwa vizuri hubaki na sumu, na mkoa wetu ulishapata wagonjwa wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000: miguu inapooza ghafla na hairudi. Wanaopata zaidi ni watoto na kina mama, hasa wanaokula muhogo mtupu bila mbaazi wala samaki. Msipokee makopa (vipande vya muhogo mkavu) yaliyokaushwa harakaharaka. Mkiwa na shaka na unga, uchanganyeni na maji, mtandaze tabaka jembamba juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, kisha mpike siku hiyohiyo.

Mahindi ya stoo yameota ukungu kidogo. Tuyaoshe tuyasage? (Mpishi, Nachingwea)

Hapana! Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kuosha wala kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Msiwape hata kuku. Mahindi yakauke vizuri kabla ya kuingia stoo, na magunia yakae juu ya chaga.

Dagaa wanafaa kwenye mboga ya shule? (Kilwa)

Wanafaa sana. Ondoeni mchanga.

Mwenyekiti wetu anashika ufunguo wa stoo na daftari pia. Ni sawa? (Masasi)

Si sawa, hata awe mwaminifu kiasi gani. Ufunguo uwe kwa mmoja, daftari kwa mwingine, mizani iwe hadharani siku ya kupokea, na mzazi yeyote akitaka kusoma daftari apewe palepale.