Wanasihi wapya, leteni kwenye usimamizi mnachokificha

Kila kundi jipya la wanasihi wa PM+ (msaada mfupi wa kisaikolojia wa vikao vitano, ulioandaliwa na WHO) lina ugonjwa uleule. Siku ya usimamizi, ya kujadili kesi na msimamizi, ikifika, wa kwanza anasema "kikao kilienda vizuri, mteja alishukuru sana", wa pili naye hivyohivyo, hadi muda unaisha hakuna aliyejifunza kitu. Jamani, msimamizi si mwalimu wa zamu! Basi shikeni haya.

1. Kesi iwasilishwe kwa dakika tatu: kikao cha ngapi kati ya vitano, tatizo alilolichagua mteja, mbinu mliyofanya, ulipokwama. Jina lake libaki kwenye faili. "Nifanyeje?" ni swali pana mno, "nilipomwambia hivi alinyamaza, ningesemaje?" linampa msimamizi pa kushika. Akitaka muigize, kalia wewe kiti cha mteja uyasikie maneno yako.

2. Swali la 9 la PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona. Hapa ndipo mnapotutoa jasho. Mmekariri kwamba mstari wa kushuku sonona ni alama 10 kati ya 27, kwa hiyo mteja mwenye 7 anaambiwa pole, anaenda zake. Tazama karatasi vizuri: alama moja kati ya hizo 7 iko kwenye swali la 9, la kuwaza kufa au kujidhuru katika wiki mbili zilizopita. Chochote zaidi ya 0 pale hakisubiri jumla. Wengine hata hiyo alama hawaipati, maana wanauliza macho chini, mbiombio: "Mambo ya kujidhuru huwazi, sivyo?" Ukiuliza hivyo umeshamjibia.

Kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo. Sema, "Umekuwa ukiwaza kujiua?" kisha nyamaza. Akikubali, uliza kama amepanga namna, kama ana cha kutumia, ni lini, kama aliwahi kujaribu, na usiku wa leo atalala na nani. Mwenye mpango au nia haachwi peke yake hata kwenda chooni. Unampigia msimamizi palepale, husubiri siku ya usimamizi. Sumu za shambani na dawa zilizomo nyumbani ashike ndugu, mteja akijua. Andika ulichouliza, alichojibu, uliyemwarifu na saa.

Msimamizi mzuri, kama hatari si ya papo hapo, hatakunyang'anya mteja. Atakutajia swali linalofuata, utauliza wewe, naye atabaki kwenye simu. Kesho yake atakuuliza kama ulilala. Anayewahi kuchukua usukani kila mara anakuza wanasihi wa kupiga simu tu. (Hatari ikiwa ya sasa hivi, auchukue usukani na msibishane.)

3. Kupumua polepole: mteja hufuata kasi yako, kwa hiyo usihesabu kama kondakta anayewahi abiria.

4. Acheni kushauri. Najua, kwetu mtu mzima akiletewa shida lazima atoe neno. Lakini kwenye mbinu ya kudhibiti tatizo, mteja ndiye anayetaja njia, na zote ziandikwe, hata ya kipuuzi, kabla hajachagua. Ukimwambia "achana na huyo mume", kikao cha nne haji, na sababu unaijua.

5. Kesi ikigusa msiba wako mwenyewe, mwambie msimamizi faragha. Mteja atahamishiwa kwa mwenzako, nawe utatafutiwa mnasihi wako, mtu mwingine kabisa. Msimamizi si wa kukutibu, sembuse mbele za wenzako. Yeye anakulinda wewe na mteja kwa pamoja, na vidonda vya nyumbani vinahitaji mlango mwingine.