Mtoto alichanjwa malaria, mbona kaumwa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi niko Chumbageni Tanga, dada yangu yuko Bagamoyo na mwanae alikuwemo kwenye ule utafiti wa chanjo ya R21 akiwa mdogo, tukaambiwa inakinga asilimia 75. Juzi napigiwa simu dogo ana malaria, kapimwa kabisa. Hiyo 75 ni ya nini, au ndo tumepigwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni. Hamjapigwa, ila namba mliyopewa ilikatwa mkia.

Kwanza 75 sio ya kwenu. Utafiti ulifanyika Burkina Faso, Mali, Kenya na hapa Bagamoyo, majibu yakatoka 2024, na ile 75 ni ya sehemu zenye malaria ya msimu ambako watoto walichanjwa mvua zikikaribia, kwa sehemu ambako watoto walichanjwa muda wowote wa mwaka, kama Bagamoyo na Kilifi ya Kenya ambako mbu hana likizo, kwa pamoja ilikuwa 68. Na hiyo 68 ni ya miezi 12 ya mwanzo baada ya dozi ya tatu, kinga huwa inashuka ndo maana kuna dozi ya nne baada ya mwaka, sasa dogo ni miaka imepita hapo unategemea nini?

Halafu 68 haina maana watoto 68 hawaumwi kamwe na 32 ndo wa kuumwa. Chukua makundi mawili yanayolingana, wasiochanjwa wakiumwa mara 100 basi waliochanjwa wataumwa kama mara 32 hivi, lakini nani ataangukia kwenye hizo 32 hakuna ajuaye. Chanjo inamvizia kimelea akitoka kwenye mate ya mbu kwenda kwenye ini, safari fupi tu, wakipenya wachache wakaingia kwenye damu hapo chanjo haina tena kazi. Kwa hiyo neti iko palepale.

Kingine watu hawaambiwi: kwenye utafiti ule mtoto 1 kati ya 3 hakupewa R21, alipewa chanjo ya kichaa cha mbwa ili walinganishe, na wazazi hawakujua nani kapata ipi. Inawezekana kabisa mpwa wako kakingwa na mbwa wa mtaani tu, mbu hawamjui 😅

Amalize dozi yake ya mseto hata homa ikishuka, halafu dada awaulize watafiti mwanae alikuwa kundi gani.