Je, "mwenyekiti" ni neno la kiume?

SWALI: Kikundi chetu kimemchagua mwanamke kuongoza. Wengine wanasema "mwenyekiti" ni la kiume, tutafute neno jingine. Pia, barua zetu zianze vipi ikiwa hatujui anayeandikiwa ni mwanamke au mwanamume?

JIBU: Mwiteni mwenyekiti. Neno hilo ni "mwenye" na "kiti", na "mwenye" halina jinsia. Hata "mwana" ya mwanasheria na mwanahabari haimaanishi mwanamume. Viambishi navyo havibagui: "anakuja", "nimemwona", hakuna ajuaye ni nani mpaka umtaje.

Ubaguzi wetu umejificha kwingine, hasa kwenye kitenzi "oa". Kwa mazoea mwanamume huoa, mwanamke huolewa: mmoja mtenda, mwenzake mtendwa. Fomu inayouliza "Umeoa?" imeshamsahau nusu ya wajazaji. Andikeni "Hali ya ndoa", na kwenye taarifa, "wamefunga ndoa" au "wameoana". Vilevile "daktari wa kike": kama jinsia haihusiki, ondoeni "wa kike", maana "daktari wa kiume" hamwandiki.

Kuhusu barua, "Ndugu" humfaa yeyote, likifuatwa na jina kamili au cheo: "Ndugu Katibu". Epukeni "Bw./Bi." iliyochapwa tayari; mwandishi husahau kukata kimoja, na mpokeaji huona hakufikiriwa. Lakini mtu akiwaambia anapenda kuitwa Bi. au Mama fulani, mwiteni hivyo.