Treni ya mfano ya marehemu babu: je, shilingi 250,000 ni bei ya haki?

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Lindi mjini. Marehemu babu yangu alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mwingereza katika ile reli iliyokuwa ikitoka Mtwara kwenda Nachingwea. Mhandisi huyo alipoondoka nchini mwanzoni mwa miaka ya 1960 alimwachia babu treni ya mfano ya umeme, ikiwa ndani ya kasha lake. Kichwa ni cha rangi ya maruni, kina jina la Duchess of Atholl, namba 6231, na herufi LMS. Kuna mabehewa mawili ya abiria ya bati, vipande kumi na vinne vya reli yenye mstari wa tatu katikati, na kifaa cha kuongozea umeme. Kifuniko cha kasha kimechanika kona mbili, na pembeni pana maandishi madogo yanayoishia na 8-51. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam anatoa shilingi 250,000 kwa vyote, au 180,000 kwa kichwa peke yake. Kwenye intaneti nimeona kichwa kama hiki kikitajwa pauni 250, na ndugu zangu wanasema tunadhulumiwa. Bei ya haki ni ipi, na inapimwaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo uliyonipa, mnunuzi huyo hajawadhulumu. Sisemi mkubali leo hii, kwa sababu yapo mambo ambayo hamjayakagua na ambayo yanaweza kuipandisha bei au kuiporomosha kabisa; lakini hizo pauni 250 mziondoe akilini, nami nitaeleza sababu.

Mlichonacho ni seti ya Hornby Dublo, iliyotengenezwa na kampuni ya Meccano ya Liverpool. Aina hiyo iliingia madukani mwaka 1938, vita vikakatiza utengenezaji wake, na Duchess of Atholl ikatoka mwaka 1947. Upana wa njia ya reli ni milimita 16.5, na kipimo cha mfano ni moja kwa 76. LMS ni jina la kampuni ya reli ya Uingereza iliyotaifishwa pamoja na nyingine mwaka 1948, ila Meccano waliendelea kuzipaka treni zao rangi za kampuni hizo za zamani hadi kufikia mwaka 1953. Kwa hiyo hayo maandishi ya 8-51, ambayo kwa kawaida ni mwezi na mwaka wa kuchapwa kwa kasha, yanakubaliana vizuri na kichwa. Hilo ni jambo la kufurahia, kwa maana seti nyingi zinazouzwa leo zimekusanywa vipande kutoka huku na huku, na kasha la mwaka mmoja limebeba treni ya mwaka mwingine.

Karibu kila anayeniletea kitu cha urithi huanza kwa kunitajia umri wake, akiamini kwamba umri ndio thamani. Katika treni za mfano sivyo. Duchess of Atholl iliuzwa kwa wingi na kwa miaka kadhaa, na walioinunua waliitunza, ndiyo maana hadi leo haipiti muda mrefu bila nyingine kuingia mnadani. Sasa ilinganishe na kichwa cha umeme kinachoitwa E3002, cha kampuni hiyohiyo, kilichotoka mwaka 1964, mwaka ambao Meccano ilichukuliwa na Lines Bros, kampuni iliyokuwa ikitengeneza treni za mfano za Tri-ang. Kilitengenezwa kidogo kwa kuwa biashara ilikwisha kuyumba, na leo kinauzwa kwa bei kubwa kuliko Duchess yenu ingawa ni kidogo kwake kwa miaka 17. Kitu kinahitaji kuwa adimu na wakati huohuo kiwe na watu wengi wanaokitafuta. Kimoja kikikosekana, bei haipandi.

Kuhusu pauni 250 ulizoziona, hiyo ni bei anayoitaka muuzaji, na muuzaji anaweza kutaja bei yoyote aipendayo. Sisi wa Mtwara na Lindi tunalielewa jambo hili vizuri kuliko wengi, kwa sababu ya korosho. Mkulima anaweza kusema kilo ya korosho zake ina thamani ya shilingi elfu kumi, lakini bei ni ile iliyotolewa na mnunuzi siku ya mnada, kwa daraja la mzigo uliopo ghalani. Nanyi fanyeni hivyohivyo. Katika tovuti za minada mtafute orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, si vile vinavyosubiri wateja, kisha mchague mauzo kama kumi ya miezi 12 iliyopita ya kichwa kilekile, cha reli tatu, chenye herufi LMS na kisicho na kasha lake binafsi, maana lenu ni kasha la seti nzima na hilo huhesabiwa peke yake. Ondoeni bei ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha mwangalie ile iliyokaa katikati. Mkiwa makini mtagundua kwamba tofauti kubwa ya bei inatokana na hali ya rangi na kasha kuliko kitu kingine chochote.

Halafu kuna makato, na hapa tena mkulima wa korosho hahitaji mwalimu, kwani anajua kwamba bei inayotangazwa mnadani siyo fedha inayomfikia mkononi. Dalali wa mnada wa Uingereza hukata kamisheni kwa muuzaji, na mara nyingi humtoza mnunuzi pia juu ya bei ya nyundo, yaani bei aliyoshindia mnadani. Kuna gharama ya kutuma mzigo kutoka Lindi, na chuma ni kizito. Nikupe hesabu ya mfano, nawe utaweka tarakimu zako baada ya kufanya utafiti. Tuseme kichwa ni pauni 60, mabehewa mawili pauni 20, reli na kifaa chake pauni 10, na kasha lililochanika pauni 25. Jumla ni pauni 115. Kamisheni ikiwa asilimia 20, zinabaki 92. Usafirishaji ukila pauni 30, zinabaki 62. Tukihesabu pauni moja kwa shilingi 3,300, hiyo ni shilingi 204,600 mkononi mwenu, baada ya kusubiri miezi na kubeba hatari ya mzigo kuvunjika njiani.

Mnunuzi wa Dar es Salaam, kwa upande wake, huenda anasafirisha vitu kadhaa kwa pamoja, hivyo gharama yake ya usafiri kwa kila kimoja ni ndogo. Kama asingelipia usafiri kabisa, ukomo wake kwa hesabu hii ungekuwa pauni 92, yaani shilingi 303,600, na hapo asingepata faida yoyote. Kwa maoni yangu bei ya haki iko kati ya hizo mbili, na 250,000 imekaa karibu katikati. Kichwa kikitembea vizuri na kasha likithibitika kuwa lake, ombeni 280,000 bila kuona haya. Lakini msikubali kumuuzia kichwa peke yake kwa 180,000. Vitakavyobaki vina thamani ya pauni 55 mnadani. Ondoa kamisheni zinakuwa 44, ondoa usafiri zinabaki 14, ambazo ni shilingi 46,200. Jumla mtapata 226,200, chini ya anachotoa kwa vyote, na mtabaki na kasha tupu ambalo thamani yake ilitokana na kilichokuwa ndani.

Sasa ukaguzi, ambao ndio utakaoamua. Umbo la kichwa ni la zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Zinki ya aina hii ikiwa imechanganyika na risasi hata kidogo, huoza kutoka ndani: huvimba, hujikunja, hupata nyufa, na mwishowe humeguka kama biskuti. Unyevu huharakisha uozo huo, na hewa ya pwani yetu haina huruma. Ugonjwa huu umeenea zaidi katika vile vya kabla ya vita, lakini msiache kukagua chenu. Kipelekeni mlangoni penye mwanga wa asubuhi, mkilaze kwenye taulo, mpitishe ukucha taratibu kwenye kingo za chini na kuzunguka matundu ya skrubu. Nyufa mnazozitafuta ni nyembamba kama unywele na husambaa kama zile za udongo wa jaruba lililokauka. Tazameni pia kama kichwa kimenyooka kinapowekwa juu ya kioo. Mkikuta nyufa, chukueni 250,000 mkiwa mmemwonyesha mnunuzi kasoro hiyo waziwazi, na akishusha bei msimlaumu, kwani uozo huo hautibiki.

Rangi nayo ichunguzwe, kwa sababu kichwa kilichopakwa upya hupoteza sehemu kubwa ya thamani hata kikimeremeta namna gani. Rangi ya kiwandani huwa imechubuka pale vidole vinaposhika, nayo michubuko hiyo huonyesha metali iliyo chini. Ikiwa mchubuko una rangi juu yake, au rangi imeingia kwenye mfereji wa kichwa cha skrubu, mtu aliipaka baadaye. Msifute kwa dawa ya kung'arishia shaba wala msijaribu kuziba mikwaruzo. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Kuhusu umeme, kile kifaa msikichomeke ukutani. Waya za wakati ule zilivikwa mpira, na mpira wa miaka 70 hukatika ukiukunja. Isitoshe, treni hii hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu (DC) tu. (Niwaonye na wasomaji wengine wenye seti za Lionel za Marekani: transfoma zake ni za volti kama 120, na huku kwetu ni 230. Mteja wangu mmoja aliichomeka yake kabla ya kuniletea, na kilichonifikia kilikuwa harufu na donge la lami.) Ninyi tumieni betri ya pikipiki ya volti 12. Waya mmoja uende kwenye mstari wa kati wa reli, mwingine kwenye reli ya pembeni, na katikati ya waya mmojawapo mfunge balbu ya indiketa ya wati 21. Kukiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu na mota itasalimika. Mota ikizunguka kama inavyotakiwa, balbu itafifia au itazima. Kabla ya hapo, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli, lililochotwa kwa ncha ya sindano. Mota ikigoma, iacheni. Msiichomoe amecha (ile sehemu ya mota inayozunguka), kwa maana sumaku za mota hizi hupungua nguvu amecha inapotoka mahali pake, na aliyeitoa nyumbani huwa amemwachia mnunuzi kazi ya kuirudishia sumaku nguvu, naye ataikata kwenye bei.

Kasha msiliguse kwa maji wala gundi ya karatasi. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii nililifuta kasha la mteja kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, nikitaka kuondoa kinyesi cha mende, na lebo yake ikatoka na kitambaa. Nililipa fidia, lakini lebo ile haikurudi, na bado naikumbuka. Lenu lianikeni kivulini, kisha mliweke mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa, likiwa na vifuko vya kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Limebaki la reli yenyewe. Huenda mnajiuliza kama kuhusiana kwa treni hii na reli ya Nachingwea kunaongeza bei. Mimi ni mtu wa huku, na habari ya reli ile inanigusa: ilijengwa kwa ajili ya mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947, ikaanzia Mkwaya, karibu na hapo Lindi mlipo, kabla ya kuunganishwa na bandari ya Mtwara, na haikuuona mwisho wa miaka ya 1960. Hata hivyo, mtu wa Uingereza anayetafuta Duchess of Atholl halipii simulizi asiyoweza kuithibitisha. Kama iko barua ya yule mhandisi, au picha ya babu akiwa naye, hapo tunazungumza jambo jingine, kwani ushahidi wa maandishi unaokifungamanisha kitu na mtu na mahali humvutia mnunuzi wa aina nyingine kabisa. Barua au picha hiyo ikipatikana, mpeni mnunuzi nakala, na ile ya asili muitoe ndani ya kasha kabla ya siku ya kukabidhiana.