Maswali ya Wasomaji: Rangi za Helikopta za Kijeshi

Swali: Ndugu wahariri, naunganisha modeli ya helikopta ya Huey ya vita vya Vietnam, skeli ya 1/48. Karatasi ya maelekezo inasema "kijani cha zeituni", basi. Nimepata chupa tatu za jina hilo na hakuna mbili zinazofanana. Nishike ipi?

Jibu: Achana na jina, tafuta namba. Rangi za majeshi ya Marekani ziliorodheshwa katika kiwango cha Federal Standard 595 (kwa kifupi FS), ambayo mwaka 2017 nafasi yake ilichukuliwa na AMS-STD-595. Kila rangi ina tarakimu tano. Ya kwanza ni mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa nusu, 3 haing'ai. Ya pili ni jamii yake: 0 kahawia, 1 nyekundu, 2 chungwa, 3 njano, 4 kijani, 5 buluu, 6 kijivu, 7 nyeusi, nyeupe na za metali. Tatu za mwisho, kwa kawaida, huenda kutoka rangi iliyokolea kuelekea iliyopauka. Kwa hiyo 17038 na 37038 ni nyeusi ileile, moja ina mng'ao na nyingine haina.

Huey za jeshi la nchi kavu zilipakwa FS 34087. Kwa kampuni ya rangi ya GSI Creos hiyo ni H304. XF-62 ya Tamiya, kampuni nyingine ya rangi, inakaribia tu. Usishangae ukikuta chupa mbili zenye 34087 zinatofautiana: kadi za sampuli za namba hii zenyewe hazikubaki vilevile toleo hadi toleo, na kila mtengenezaji alifuata kadi aliyokuwa nayo.

Picha za wakati ule zitakusaidia, lakini zikague kwanza. Filamu za zamani huhama rangi. Tafuta picha ya Huey ya kubebea majeruhi, yenye msalaba mwekundu ndani ya mraba mweupe. Mweupe ule ukionekana wa waridi au wa manjano, basi na kijani kilicho pembeni yake kimehama hivyohivyo, wala usikinakili. Tumia picha hiyo kuona mahali palipochubuka na palipopauka kwa jua tu.

Ndani, paka kijivu FS 36231, ambacho kwa GSI Creos ni H317.

Swali: Nimepaka Black Hawk ya 1/72 kwa FS 34031 kamili, bila kuchanganya chochote. Imetoka nyeusi kama mkaa. Nimekosea namba?

Jibu: Namba ni sahihi, ndiyo ya Black Hawk na Apache za jeshi la nchi kavu la Marekani. Linganisha na 34087 utaona: 031 iko chini sana, yaani rangi yenyewe imekolea mno. Juu ya helikopta halisi, mwanga na hewa iliyopo kati yako nayo huipausha. Juu ya kitu kinachokaa kiganjani, hakuna hewa hiyo, na kila kona hugeuka kivuli.

Dawa yake ni kuipunguza ukali. Waundaji wengi huongeza rangi ya kupausha kwa takriban asilimia 15 kwenye 1/72, asilimia 10 kwenye 1/48 na asilimia 7 kwenye 1/35. Hiyo si sheria, ni mahali pa kuanzia, na kwa 34031 sisi tunaiunga mkono kabisa. Ila usitumie nyeupe. Nyeupe huifanya kijani hiki kiwe cha chaki na kielekee kijivu baridi. Tumia rangi ya mchanga kama XF-57 ya Tamiya, ikiwa chupa yako ya kijani nayo ni ya Tamiya au ya aina inayopatana nayo: matone 17 ya kijani kwa matone 3 ya mchanga. Changanya ya kutosha mwili mzima kwa mara moja, maana kurudia mchanganyiko uleule kesho yake ni kazi.

Usihukumu rangi ikiwa mbichi, wala kabla ya vanishi. Chukua kijiko cha plastiki, kipake praima ileile ya modeli, kisha tabaka mbili nyembamba za mchanganyiko. Kikikauka, nusu moja ipulizie vanishi isiyong'aa, ambayo huipausha rangi iliyokolea kwa kiasi cha kuonekana. Kwenye nusu ya pili pitisha rangi nyepesi ya kujaza mistari, nayo itaitia giza. Modeli yako itaishia kati ya hizo mbili. Kiangalie kijiko karibu na dirisha, mchana. Rangi mbili zinazolingana chini ya taa ya njano zinaweza kuachana kabisa juani kwa kuwa hazikutengenezwa kwa chembe zilezile.

Swali: Bo 105 ya jeshi la Ujerumani: kijani kitupu au rangi tatu?

Jibu: Angalia mwaka. Mpango wa rangi tatu uliingia mwaka 1984, kwa namba za RAL, orodha ya rangi ya Kijerumani: kijani RAL 6031, kahawia RAL 8027 na nyeusi RAL 9021. Kwa Tamiya ni XF-67, XF-68 na XF-69. Helikopta ya kabla ya hapo ipake RAL 6014 mwili mzima.

Swali: Na Mi-24 ni FS ngapi?

Jibu: Haina. Urusi ya Kisovieti ilikuwa na viwango vyake, na namba yoyote ya FS utakayoiona ni makadirio ya mtu aliyelinganisha kwa macho. Chagua helikopta moja yenye picha nzuri uifuate hiyo.

Swali: Rangi ya Vallejo imegandamana ndani ya kikombe cha bomba la kupulizia. Nilitia X-20A, tina ya Tamiya.

Jibu: X-20A ina alkoholi, na rangi za Vallejo ni za maji. Zikikutana, gundi ya rangi hukatika na kuwa utando. Kila kampuni na tina yake. Kwa Tamiya, sehemu moja ya rangi kwa moja ya tina, mgandamizo wa bar 1, umbali wa sentimita 5 hadi 8. Uso ukitoka na ukakasi kama msasa, rangi inakaukia hewani: sogea karibu au ongeza tina kidogo.

Swali: Ncha za njano za mapanga ya helikopta zimetoka kijanikijani. Kwa nini?

Jibu: Umepaka njano juu ya nyeusi. Njano haifuniki, na nyeusi inayopenya chini yake huisukuma kwenye kijani. Geuza mpangilio: nyeupe kwenye ncha, kisha njano, iache ikauke usiku kucha, ziba kwa utepe, ndipo upulizie panga lililobaki. Hapo tumia XF-69 badala ya nyeusi tupu, na utepe uung'oe rangi ikiwa bado laini ili ukingo usichanike.