Afisa ustawi wa jamii hospitalini: ushauri nasaha na utawala vinakutana wapi?

SWALI: Niko peke yangu kitengo cha ustawi wa jamii, hospitali ya wilaya, Tanzania. Nilisomea kuhudumia mteja mmoja mmoja, lakini uongozi unanidai rejesta ya misamaha ya gharama, takwimu na bajeti. Hizi si kazi mbili?

JIBU: Ndugu, kazi ni moja: ushauri nasaha na utawala vinakutana kwenye jalada la mteja. Chukua mama aliyelazwa amevunjika mkono, anaomba msamaha wa gharama za matibabu. Ukijaza fomu na kusaini, umefanya utawala tu. Ukimweka faragha ukamuuliza aliumiaje, nani anashika pesa nyumbani, na akiruhusiwa anarudi kwa nani, huenda ukakuta kipigo nyuma ya umaskini ule. Hapo kuna PF3 (fomu ya polisi kwa aliyejeruhiwa), mpango wa usalama na rufaa; msamaha ni kipengele kimojawapo. Na mkaguzi akija kuuliza kwa nini umesamehe, tathmini hiyohiyo ndiyo jibu lako.

Tatizo kubwa ni rejesta inayohesabu vichwa. Aliyekuja kusaini na aliyekaa nawe vikao 6, wote wanaandikwa "1". Ongeza safu 3: aina ya huduma, dakika zilizotumika, matokeo ya rufaa. Kikao cha dakika 45 na kumbukumbu za dakika 15 ni saa nzima, kwa hiyo katika siku ya saa 8 yenye wodi na wito wa polisi, usiahidi zaidi ya vikao 4. Baada ya miezi 3 peleka jumla ya dakika kwenye kikao cha bajeti. Ukisema tu "wateja ni wengi" hupati kitu. Saa zilizoandikwa ndizo zinazoombea afisa wa pili na chumba chenye mlango unaofungika.

Kwenye rejesta andika namba ya jalada. Masimulizi yakae kabatini, ufunguo kwako. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, aone idadi na matokeo, si maneno ya mteja. Kwa mtoto anayedhulumiwa siri ina mpaka: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mamlaka ya serikali za mitaa ipewe taarifa. Mweleze mteja hilo kabla hajaanza kusimulia, la sivyo ataona umemsaliti.

Mganga mfawidhi anakusimamia kiutawala. Kesi nzito zipitie na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, walau mara 1 kwa mwezi, majalada yakiwa mezani.